Geji Husomwa Mlimani

Dereva wa lori lililoshindwa mlima hana subira na maelezo. Anaposhuka garini kesi ameshaikata njiani: "Pampu haina presha. Ongeza." Katika miaka yangu ya gereji pale Omurushaka, njia ya Kyerwa inapoachana na ile ya Kayanga, hukumu hiyo nimeisikia kwa Kiswahili, Kinyambo, Kihaya na Kiganda. Mara nyingi nusu yake ilikuwa kweli, kwa maana presha ilikuwa pungufu. Nusu ya pili, hilo neno "ongeza", ndiyo iliyoua pampu, ikagongesha injini na kuwapeleka matajiri wa malori kwa wakopeshaji.

Niliingia kazini nikiwa kijana wa kuosha vyuma, mwaka 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamevuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Makambi makubwa kabisa yalikuwa Ngara, mengine yakafunguliwa huku kwetu Karagwe, wakati huo Kyerwa ikiwa bado ndani ya wilaya hiyohiyo. Chakula chao kilikuja kwa barabara. Gereji iliyozoea magari ya msimu wa kahawa ikajikuta na malori ya kila namna: Scania, Mercedes za pua, Fuso, Isuzu, na makuukuu ya Kiingereza ambayo hata mwenyewe hajui yalikuja nchini lini. Kila gari na pampu yake, kila pampu na matakwa yake. Hadi wakimbizi waliporudi kwao Desemba 1996, sisi vijana tulikuwa tumeona mezani aina za pampu ambazo katika miaka ya kawaida zingetuchukua nusu ya umri.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na swali moja kwa kila aliyetaja presha: "Presha ipi?" Swali lenyewe liliwaudhi watu, lakini ndilo lililopanga kazi. Gari la dizeli lina presha mbili zisizofanana hata kidogo. Iko ya nozeli, inayorusha mafuta ndani ya silinda. Kwenye injini za zamani nozeli hufunguka kwenye bar 180, 200 au zaidi kidogo. Na iko ya kulisha, inayotoa mafuta tangini, inayapitisha kwenye filta na kuyafikisha mlangoni mwa pampu kubwa. Hiyo kwa pampu nyingi za laini ni bar moja hadi mbili, pungufu hata ya upepo wa tairi la gari dogo. Dereva anaposema pampu haina presha huwa ana picha ya ile ya kwanza. Tatizo lake kwa kawaida liko kwenye ya pili.

Kwa nini presha ndogo namna hiyo iweze kulilaza lori la tani kumi? Ndani ya pampu ya laini kuna elementi, yaani pistoni ndogo ya kusukumia, moja kwa kila silinda, zote zimepangwa kwenye mstari mmoja. Elementi inaposhuka, tundu linafunguka na dizeli inaingia kujaza chumba. Inapopanda, inaziba tundu na kusukuma mafuta kwenda kwenye nozeli. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pampu huzunguka mara 1,000, maana yake kila elementi hujazwa na kumwagwa zaidi ya mara 16 kwa sekunde moja. Muda tundu lilipo wazi ni kipande kidogo tu cha sekunde. Mafuta yasiposukumwa vya kutosha, chumba kinafungwa kikiwa hakijajaa, na kisichojaa hakiwezi kutoa kilichopimiwa. Tangu Robert Bosch aanze kutengeneza pampu za aina hii kwa wingi huko Stuttgart mwaka 1927, kanuni hiyo haijabadilika.

Kazi ya presha ya kulisha basi ni kujaza. Nguvu haitoki hapo. Chumba kikishajaa, kimejaa. Ukileta bar tatu mahali panapotosheka na moja na nusu hukipati kijiko cha ziada. Mzee alitaka tulielewe hilo kabla hatujashika spana, kwa sababu mambo mengine yote yanafuata kutoka hapo.

Chini kuna sakafu. Presha ikishuka kupita kiasi, vyumba vinajaa nusunusu, mapovu yanazaliwa ndani ya pampu na injini inapoteza nguvu, hasa kwenye mizunguko mikubwa. Mapovu hayo yana madhara mengine. Elementi inapomaliza kusukuma, mafuta yenye presha kali hurudi ghafla kwenye chumba cha kulishia, na mapovu yakipasukia kwenye chuma huking'ata kidogokidogo. Nimewahi kushika vipande vilivyotobokatoboka namna hiyo, na mwenye gari akaapa kwamba aliuziwa kipuri bandia.

Juu kuna dari, nayo haifanani kwa pampu zote. Pampu ya laini ina uvumilivu. Ina valvu ya kurudisha mafuta tangini, yenye springi, ambayo hufunguka presha ikifika kiwango chake. Mafuta yanayorudi hayapotei bure. Yanaondoka na joto na hewa. Pampu ya rotari ina hulka nyingine. Ndani yake kuna pampu ndogo ya mapanga inayojitengenezea presha yake, na presha hiyo hupanda kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Ndiyo inayosukuma pistoni ya kuwahisha muda wa kurusha mafuta. Rotari nyingi huvuta zenyewe kutoka tangini, au hutaka msukumo mdogo sana, sehemu tu ya bar moja. Ukiisukumia mafuta kwa nguvu kutoka nje, hujaishibisha. Umebadilisha muda wa injini bila kugusa alama yoyote ya taimingi.

Somo hilo tulilipata kwa gari dogo la kubebea ndizi kutoka upande wa Nkwenda. Lilikuwa linakula hewa: asubuhi haliwaki mpaka lipigwe pampu ya mkono. Fundi fulani wa njiani alikuwa amelifungia pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la petroli la sindano, zile zinazosukuma kwa bar tatu hivi. Gari likaanza kuwaka vizuri, na mwenyewe alisifu kazi hiyo kwa wiki kadhaa. Kisha injini ikaanza kugonga kama ina misumari ndani. Alipolileta kwetu, mzee hakuomba geji. Alichomoa kijiti cha oili, akakitazama, akakinusa, akatupitishia sote. Oili ilikuwa imepanda badala ya kupungua, na ilinuka dizeli. Sili ya shafti ya rotari ilikuwa imeelemewa, mafuta yanapita kuingia kwenye injini. Ugonjwa wa awali ulikuwa washa ya shaba iliyochoka kwenye bolti ya paipu, kitu cha bei ya soda.

Ukitaka kuchagua presha, kwa hiyo, jambo la kwanza ni kujua aina ya pampu, na la pili ni kusoma kibao chake na kitabu chake. Hapo vijana hukwama kwenye vipimo. Vitabu vya zamani vya Kijapani huandika kilo kwa sentimita ya mraba, vya Kijerumani huandika bar, vya Kiingereza psi. Kilo moja na bar moja ni karibu sawa. Bar moja ni psi 14 na nusu. Fundi anayechanganya hayo atakwambia lori linataka presha ya 20 na mwingine atakwambia 1.4, wagombane jioni nzima na kumbe wanasema kitu kilekile.

Jambo la tatu ndilo lililonichukua muda mrefu kulithamini, nalo ni mahali na wakati wa kupima.

Kulikuwa na lori la pampu ya laini lililokuwa likibeba maharage kutoka Murongo. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba Murongo iko chini mtoni, ng'ambo ni Kikagati ya Uganda, na kwamba kutoka pale kuja Kaisho na Isingiro ni kupanda. Lori lilikwenda vizuri kwenye tambarare, likaanza mlima vizuri, kisha baada ya dakika chache likalegea kama mtu aliyeishiwa pumzi. Likisimama kidogo, linapata nguvu tena, halafu linalegea tena. Na halikutoa moshi mweusi. Mzee alilitilia maanani hilo la moshi: injini inayokosa hewa hutoa moshi mweusi, inayokosa mafuta hulegea kimya.

Uani geji ilisoma vizuri tu, bar moja na nusu na zaidi. Tajiri alikuwepo, amesimama na kofia mkononi. "Waitu fundi," akasema, "weka washa nyuma ya springi ya valvu, nimeshalala hasara. Maharage ya watu yako juu."

Mzee alimjibu taratibu. "Washa itaipandisha geji, tata. Mlima hausomi geji."

Alikuwa na maana hii. Ukikaza springi ya valvu ya kurudisha, unaziba njia ya kutokea. Mshale utapanda, kwa sababu mafuta yamekosa pa kwenda, lakini yanayoingia ni yaleyale. Umeongeza namba bila kuongeza dizeli, na umeinyima pampu ule mtiririko unaoondoa joto na hewa. Huku Kagera tunaijua biashara ya namna hiyo: ni butura, kuuza kahawa ikingali maua mtini. Fedha ya leo unaiona, na mavuno umeshayatoa.

Badala yake alihamisha geji. Ilikuwa imefungwa kabla ya filta, mahali rahisi pa kufikia. Pampu ndogo ya kuvuta mafuta, ile inayopanda ubavuni mwa pampu ya laini, husukuma kwa springi; filta ikiziba, upande wa pampu ndogo presha inabaki nzuri, na upande wa pili pampu kubwa inakufa njaa. Geji ya kabla ya filta inakupa habari za pampu ndogo tu. Akaifunga baada ya filta, mlangoni kabisa mwa pampu kubwa, kwa mpira mrefu unaofika kwenye kioo cha pembeni, akaamuru gari lipande mlima na mzigo wake wote. Mimi nilikaa kiti cha utingo na daftari.

Kwenye tambarare ilisoma vizuri. Mlima ulipoanza mshale ukaanza kushuka, pole pole, bila papara, na lori lilipolegea ulikuwa umepita chini ya nusu bar. Tulibadilisha filta, ukaboreka kidogo tu. Ndipo mzee akaning'iniza dumu safi la dizeli juu ya usawa wa pampu, akaunganisha mpira moja kwa moja na kulitenga tangi kabisa. Kimo cha mita moja ya dizeli hakiongezi hata sehemu moja ya kumi ya bar, kwa hiyo dumu halikuwa linasukuma lolote la maana. Lori likapanda bila kulegea. Ugonjwa ulikuwa nyuma ya pampu, upande wa kuvuta.

Tulifungua tangi. Paipu ya kunyonyea ilikuwa imejaa vipande vya majani ya mgomba yaliyooza. Dizeli ya vijijini ilisafiri kwa madumu, na dumu lisilo na kifuniko huzibwa kwa jani. Kila lilipomiminwa, kipande kilidondoka. Injini ikiunguruma bila mzigo inahitaji mafuta kidogo na majani hayaizuii. Mlimani ikitaka mengi, yanavutwa yote kwenye mdomo wa paipu. Ndiyo maana uani geji ilisema kweli na bado ilitupotosha.

Miinuko yetu nayo inachangia. Pampu ya kuvuta hainyonyi kwa uwezo wake peke yake. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma mafuta kuingia kwenye paipu. Dar es Salaam hewa hiyo ina bar moja na kidogo. Kwenye vilima vya Karagwe, mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, imebaki kama 0.85. Lori lenye paipu iliyobanika nusu linaweza kufanya kazi Pwani mwaka mzima bila lawama, likaja kuugua Bugene. Dereva atasema milima ya huku ni mibaya. Tena ziko injini zisizo na turbo zinazopungukiwa nguvu huku kwa sababu ya hewa nyepesi tu, na kwa hizo hakuna presha ya mafuta itakayosaidia. Ukizilazimisha kula zaidi zinatoa moshi, na moshi huo ni pesa.

Mafuta yenyewe yalikuwa na miaka yao mibaya. Kabla ya 2011, mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na baadhi ya wauzaji walichanganya. Mafuta ya taa ni mepesi, hulainisha vibaya na huvuja kwa urahisi kwenye elementi zilizolika. Gari lililosoma vizuri likiwa baridi lilipoteza presha likipata moto. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Mezani kwetu tofauti ilionekana: elementi zilizochubuka kwa ukavu zilipungua. Fundi aliyeongeza presha kufidia uchakachuaji alikuwa anaharakisha kumwaga kile kilichokwishavuja.

Lami ilipofika Bugene kutokea Kyaka, miaka ya 2010, malori yalibadilika pia. Sasa tunapokea injini za reli moja, ambazo presha yake ya kurusha hupita bar 1,600 na husimamiwa na kompyuta. Vijana wananiambia ujuzi wetu umepitwa. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Siwezi kugusa pampu hizo bila mashine ya kusomea. Lakini nazo zina upande wa kulisha, zina filta, zina paipu inayotoka tangini, na kompyuta inapolalamika kuhusu presha ya reli, mara nyingi chanzo kiko hukohuko kwenye bar moja au mbili za mwanzo. Tofauti ni kwamba zamani uchafu uliharibu elementi ya bei ya kawaida, na leo unaharibu kitu ambacho bei yake inanunua ng'ombe kadhaa.

Nikijiuliza miaka hiyo yote imeniachia nini nje ya gereji, napata mambo mawili. La kwanza ni kwamba kutosha kuna sakafu na dari, na anayekushauri kuongeza bila kutaja dari hajui anachoshauri. Nimeliona kwa wenye malori waliochukua mkopo wa gari la pili kwa sababu la kwanza lilikuwa linaingiza, wakati tatizo lao lilikuwa mzigo unaopotea njiani, na gari la pili likapoteza mzigo vilevile. La pili ni kwamba kipimo kilichochukuliwa bila mzigo hakikudanganyi, ila kinajibu swali ambalo hukuuliza. Kijana anayetaka kujifunza kazi simpimi siku gereji ikiwa tupu na kila mtu anacheka. Namtazama msimu wa kahawa, magunia ya maganda yanasubiri kwenda Bukoba, madereva wanagomba, mvua inanyesha. Akiweza kuniambia siku hiyo kwamba bolti fulani hajaikaza, huyo namwekea spana zake.

Kwa mwenye gari, ushauri wangu ni mfupi. Nunua geji na kiungio chake cha T. Bei yake ni ndogo kuliko kufungua pampu mara moja. Ifunge baada ya filta. Siku gari likiwa zima, panda nalo mlima unaoujua ukiwa na mzigo kamili, na andika namba mbili kwenye daftari la gari: ya kuunguruma na ya mlimani. Gari likiugua, rudi mlima uleule. Namba ya mlimani ikishuka, anza nyuma kwenda mbele: mfuniko wa tangi kama unapumua, paipu ya kunyonyea, chujio dogo la pampu ya kuvuta, mipira na washa, filta, kisha valvu ya kurudisha. Springi ije mwisho, na ikichoka ibadilishwe kwa springi ya pampu hiyo, ya kiwango kilichoandikwa kitabuni.

Hapa gereji imekuwa sheria: hakuna anayegusa springi kabla geji haijapanda mlima. Anayetaka kuongezewa tu bila kupimwa namwonyesha gereji nyingine, kwa sababu kazi hiyo haihitaji fundi wa pampu. Inahitaji mtu yeyote mwenye washa na spana.